Mtukutu Naye Apewe Rangi

Jamani, tuseme ukweli hata kama utawauma wakubwa zetu. Kuna adhabu imezoeleka mashuleni mpaka haionekani tena kuwa ni adhabu. Mtoto akipiga kelele, akizurura darasani, akimsukuma mwenzake, anaambiwa: "Wewe leo huchori. Kaa kule nyuma." Wenzake wanachora, yeye anatazama ukuta. Mbona akikorofisha kwenye hesabu hanyimwi hesabu? Anaongezewa! Lakini sanaa inagawiwa kama pipi, mpole anapewa, mtukutu ananyimwa.

Na huyo mtukutu ni nani hasa? Mmoja hasikii vizuri na hakuna aliyewahi kumpima. Mwingine ana usonji, kelele za darasa zinamchoma masikioni. Yule ana mtindio wa ubongo, mkono haumtii. Mwingine kalala na njaa. Wapo na watundu wa kawaida tu, kama tulivyokuwa sisi. Wote wamepewa jina moja na kona moja.

Ndugu msomaji, kuna mwanamke wa Marekani aliyeitwa Judith Scott. Alizaliwa mwaka 1943, pacha, akiwa na hali iitwayo Down. Alikuwa pia kiziwi, jambo ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyeligundua, basi wakamwona hafundishiki. Akiwa na miaka 7 akafungiwa katika taasisi, akakaa humo kama miaka 35. Pacha wake, Joyce, amesimulia kwamba huko alinyang'anywa kalamu za rangi kwa kuonekana hana akili ya kuchora. Mwaka 1987 Joyce akampeleka Creative Growth, karakana ya sanaa ya watu wenye ulemavu huko Oakland, California. Karibu miaka miwili alichorachora bila hamu yoyote. Hawakumfukuza. Siku moja akakutana na nyuzi, akaanza kuzifunga kwenye vijiti na makorokoro mengine, safu juu ya safu, mpaka yakawa maumbo ambayo hayajawahi kuonekana. Alifariki mwaka 2005. Mwaka 2014 Brooklyn Museum ya New York ilifungua maonyesho ya kazi zake yeye peke yake.

Sisemi kila mtoto wa kitengo cha elimu maalumu ni Judith. Wengi watachora ovyo kama watu wengi wanavyochora ovyo. Nasema penseli haikumfaa, uzi ukamfaa, na kuna mtu aliyekuwa na subira ya kungoja.

Kwetu mwalimu anachora chungu ubaoni, kila mtoto achore chungu hicho hicho, na anayefanana na ubao ndiye anapata alama. Mwenye mkono unaotetemeka ameshafeli kabla ya kuanza. Kwenye vitengo ndiyo kabisa: fotokopi ya ua, paka rangi ndani ya mstari. Au mwalimu anamshika mtoto mkono, anachora yeye, halafu wageni wakija picha inabandikwa ukutani. Huo ni uzushi mtupu.

Kubadilisha si kazi ya maajabu. Karatasi ibandikwe mezani kwa selotepu isikimbie. Mpini wa brashi uzungushiwe kipande cha tyubu ya baiskeli, unenepe, ushikike. Udongo wa mfinyanzi utangulie penseli. Asiyeweza kukaa, achore amesimama, karatasi ikiwa ukutani. Toa agizo moja, lifanyike, ndipo utoe la pili, na asiyeshika maneno aonyeshwe kwa mikono. Kipindi kikikaribia kwisha, mpe taarifa mapema. Vurugu nyingi huanza pale mtoto anaponyang'anywa kazi ghafla.

"Vifaa hakuna!" Edward Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, hapa hapa Dar es Salaam, tusidanganyane. Hoja ya mwalimu mmoja kwa watoto 80, hiyo naikubali, na kwa hiyo lawama ziende kwa wanaompangia mwalimu huyo 80. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010. Mtaala wa 2023 umeleta somo la Sanaa na Michezo. Somo linabaki kwenye ratiba ukutani, mtihani ukikaribia kipindi kinamezwa na hisabati.

Na nyie mnaosema sanaa ni tiba, itawatuliza, punguzeni kidogo. Mtoto hakuja shule kutulizwa. Anataka somo, na somo lina kuambiwa "hapa umeharibu, rudia." Kumsifia kila doa ni namna nyingine ya kumdharau.

Wasanii wenzangu mnaoandaa maonyesho ya vijana, vitengo mmevialika lini? Mkiwaalika, kazi zao zitundikwe katikati ya zetu, siyo kwenye meza ya huruma karibu na mlango wa choo. Na bei iandikwe.