Picha ya ubongo: mshiriki naye apate chake

Julai 2025, mradi wa UK Biobank wa Uingereza ulitangaza kwamba mtu wa 100,000 amekwisha kupigwa picha. Wote walijitolea. Walijilaza ndani ya mashine ya MRI, wakavumilia makelele yake, wakaacha ubongo, moyo na mifupa yao vitazamwe na watafiti wa dunia nzima. Hazina kubwa kama hiyo ya picha za Waafrika haipo, ingawa kuna maradhi ya ubongo yanayowaandama watoto wa Maridi na Mundri, Sudan Kusini, ambayo London hayaonekani hata yakitafutwa kwa tochi.

Mfano ulio karibu na Juba ni ugonjwa wa kutikisa kichwa. Mtoto aliyezaliwa mzima, akifika umri wa miaka mitano au zaidi, kichwa huanza kumwangukia kifuani, mara nyingi wakati wa kula. Baadaye hufuata kifafa, kudumaa na kushindwa masomo. Huko Mahenge, Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall aliuona tangu miaka ya 1960, watu husema mtoto "amesinzia kichwa". Maridi, magharibi mwa Juba, utafiti wa nyumba kwa nyumba wa mwaka 2018 ulikuta kifafa kwa zaidi ya watu 4 katika kila 100. Ulaya hata mmoja hafiki. Kidole kinaelekezwa kwenye bwawa la Maridi, wanakozaliana usubi waenezao minyoo ya upofu wa mtoni, lakini namna minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado ni suala la ubishi.

Picha zilizopo zimetoka kwa watu wachache mno. Mahenge, timu ya daktari Andrea Winkler iliwapiga picha wagonjwa 12 na kuchapisha matokeo mwaka 2008; baadhi walikuwa na makovu kwenye ubongo na kasoro katika sehemu inayotunza kumbukumbu. Uganda, hospitali ya Mulago iliwachunguza watoto 22, na ubongo ulionekana kusinyaa. Ni mwanzo mzuri, ila juu ya msingi huo haijengwi nyumba.

Kwamba picha huweza kumaliza ubishi, Malawi ni shahidi. Kwa miongo mingi madaktari walibishana ni nini hasa kinachomuua mtoto mwenye malaria ya ubongo. Mwaka 2008 hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, ilipata mashine ya MRI. Timu ya daktari Terrie Taylor ikawapiga picha watoto waliokuwa wamezirai, na mwaka 2015 ikachapisha matokeo ya watoto 168: kati ya 25 waliofariki, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya, na uvimbe huo hukandamiza sehemu inayoendesha pumzi. Watoto hao hawakujitolea, bila shaka. Walioridhia ni wazazi, wakiwa kando ya kitanda, na ridhaa ya aina hiyo inastahili heshima kuliko fomu yoyote iliyotiwa saini ofisini London.

Kwa hiyo, mkazi wa Juba akiombwa kushiriki utafiti wa namna hii, ana sababu ya kukubali. Mashine haitumii miale ya eksirei. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Hatari yenyewe ni chuma, na hapa fomu zilizoandikwa Ulaya hazitoshi. Swali la "una chuma mwilini?" humtegemea anayejua alichonacho, kama mwenye kifaa cha moyo. Katika nchi iliyopigana miaka ishirini na ushee, kisha ikarudia mwaka 2013 na 2016, yuko mtu anayetembea sokoni Konyo Konyo na kipande cha bomu begani, na pengine hajui. Sumaku yaweza kukisogeza. Eksirei kwanza, basi, na mtafiti ndiye alipe.

Kisha kuna suala la mahali. Kisingizio kwamba mashine ni ghali mno kwa nchi kama hii kinazidi kuchakaa. Mwaka 2022, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, pamoja na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha mashine ya MRI yenye sumaku dhaifu palepale chuoni. Picha zake hazing'ai kama za mashine kubwa, lakini lengo ni watoto wenye maji kichwani, na kwa hilo si lazima zing'ae. Anayetaka kuchunguza ubongo wa Maridi aanze kwa kuuliza bei ya kitu kama hicho kabla ya kukata tiketi za ndege.

Wizara ya Afya nayo isiridhike na nauli na soda kwa mshiriki. Majibu yarudi kwa Kimoru, Kibaka, Kizande au Kiarabu cha Juba, yaelezwe na mtu anayeweza kuulizwa maswali. Dawa za kifafa, ambazo zile za zamani kama fenobabitoni ni za bei nafuu, ziingie kwenye bajeti ya mradi na ziendelee baada ya watafiti kufunga mizigo. Na picha ikifichua uvimbe ambao hakuna aliyeutarajia, mkataba uwe umeshasema, kabla mtu wa kwanza hajalala kwenye mashine, ni nani atakayempeleka Kampala au Nairobi na nani atalipa kitanda chake huko.