PUMZI HAIJENGWI KWA SIKU MOJA

Mkoa wa Arusha, wenye vilima vya Meru, ndio uliomlea Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Lakini mbio si za mabingwa peke yao.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 juu ya wanawake wanene wa makamo ulionyesha kuwa hata dakika 72 za mazoezi kwa wiki ziliimarisha moyo na mapafu. Waliozidisha kipimo walizidi kufaidika, ijapokuwa uzito haukupungua sana. Ikiwa wa makamo wamefaidika, kijana mnene ana udhuru gani? Mizani isipotikisika, asikate tamaa.

Hapa Visiwani tunaadhimisha Siku ya Mazoezi kila Januari 1. Ni jambo la kupongezwa, lakini halitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano.

Tunawaomba wakuu wa idara walinde viwanja vya wazi na wawe wa kwanza kuvitumia. Haba na haba hujaza kibaba.