Muhuri wa Ofisi Haupimi Ukweli wa Sayansi

Liko swali ambalo hapana budi walimu na watumishi wa Serikali walijibu bila kigugumizi: mtu akigundua jambo la kisayansi, ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba ni kweli au si kweli?

Wako wanaodhani kwamba haki hiyo ni ya mwenye cheo. Historia ya nchi yetu inawasuta. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu alioutia katika friji ungali moto uliganda kabla ya ule uliotiwa ukiwa baridi. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Dakta Osborne hakuhukumu kwa cheo chake. Alirudi maabara, maji yakapimwa. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo katika jarida la Physics Education.

Je, basi Mpemba ndiye hakimu? La hasha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden, walioko Uingereza, walirudia vipimo hivyo wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine wanawapinga. Hapo Mtanzania asione ametukanwa. Tuliyemkatalia kuhukumu kwa cheo hatuwezi kumshinda kwa kuhukumu kwa uzalendo.

Hata dola haina mamlaka hayo. Mwaka 1948, katika Urusi ya Kisovyeti, Trofim Lysenko alitangaza kwamba Kamati Kuu ya Chama imeidhinisha ripoti yake, na elimu ya urithi wa viumbe ikapigwa marufuku. Nikolai Vavilov, bingwa wa mbegu aliyempinga, alikuwa amekwisha kufa gerezani mwaka 1943. Lakini ngano haisomi maazimio.

Serikali ina haki ya kuamua mbegu gani igawiwe wakulima na fedha ziende wapi. Haina uwezo wa kuiamuru mbegu iote. Hakimu wa sayansi ni kipimo kilichoelezwa wazi, kikakaguliwa na wajuzi wa fani hiyo, na kikarudiwa na wengine wasio na deni kwa mgunduzi.

Basi mtumishi, kabla ya kugonga muhuri juu ya ripoti ya mtaalamu, aulize: jambo hili limepimwaje, na nani mwingine amelirudia? Naye mwalimu, akiulizwa asilolijua, asimcheke mtoto. Amwambie: twende tukapime.