Tangi dogo la samaki wa bahari halitaki pupa

BIASHARA ya samaki wa mapambo si ngeni katika pwani ya Kenya. Kwa miongo kadhaa wapiga mbizi wamekuwa wakinasa samaki wadogo wa rangi kwenye matumbawe, na wengi husafirishwa ng'ambo wakiwa hai. Baadhi hubakia humu nchini kupamba hoteli, afisi na sebule za watu.

Hata hivyo, mnunuzi anayeanza kwa furaha mara nyingi huishia kuokota mizoga. Hulaumu maji, hulaumu chakula, kisha huliuza tangi. Sababu moja kuu huwa imeanzia dukani: aliuziwa samaki wasioweza kuishi pamoja.

Hebu tupige hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kina cha 40 hubeba lita 96. Ukitia mawe na mchanga, maji hupungua zaidi. Baharini, samaki anayefukuzwa na mwenzake hukimbilia mwamba mwingine. Humo ndani hana pa kwenda. Fahali wawili hawakai zizi moja, na samaki wengi wa matumbawe ni mafahali licha ya udogo wao.

Wapo samaki ambao mwenye tangi kama hilo hafai kuuziwa kamwe. Kangaja ni mwogeleaji wa masafa, huhitaji tangi la mamia ya lita, na hupigana na wa jamii yake. Kikande na bunju wana meno ya kuvunja kaa na kamba. Chewa na mkunga humeza chochote kinachoenea kinywani. Kitatange wa aina nyingi hula matumbawe yaliyo hai. Akikosa hayo, hukonda na kufa mbele ya chakula alichowekewa.

Mtego mwingine ni yule samaki mdogo mweusi mwenye madoa meupe. Bei yake huwa nafuu na ni mgumu kufa, kwa hivyo ndiye wengi huanza naye. Lakini hukua, hujitwalia tangi zima na kumtesa kila mgeni anayeletwa baadaye.

Tangi la lita 100 linatosha samaki wachache: jozi moja ya samaki wa anemoni, gobi mmoja au wawili wa aina tofauti walio wapole, na kamba msafishaji. Samaki wa anemoni wauzwe wawili wakiwa wadogo. Mmoja atakua zaidi na kuwa jike. Ukiongeza wa tatu, umenunua vita. Anemoni yenyewe si lazima, kwani huhitaji mwanga mkali na tangi lililokomaa.

Mpangilio nao una uzito. Tangi jipya lisubiri wiki nne hadi sita ili bakteria wanaoondoa sumu ya amonia wazaane. Kisha wapole watangulie, wakali wafuate, mmoja baada ya mwingine. Mfugaji wa kuku hachanganyi kuku wa sokoni na wa nyumbani siku ile ile. Samaki mgeni pia atengwe kwa wiki mbili au zaidi, asije akaleta ugonjwa wa madoa meupe.

Tunawahimiza wauzaji wamuulize mteja maswali matatu kabla ya kupokea pesa: tangi lako ni la lita ngapi, lina muda gani, na ndani mna nani? Jibu lisiporidhisha, muuzaji awe na ujasiri wa kusema, "Huyu hakufai." Atapoteza mauzo ya leo, lakini mteja ambaye samaki wake wanaishi atarudi kununua chakula, chumvi na vichujio mwaka mzima. Yule ambaye samaki wake wamekufa hatarudi, na majirani zake watasikia.

Wapiga mbizi nao wana wajibu. Kumnasa samaki ambaye hatadumu tangini ni kuutia hasara mwamba bila faida ya kudumu kwa yeyote. Matumbawe yetu yaliumia vibaya kwa joto la bahari mwaka wa 1998, na hayastahili kuongezewa mzigo wa ovyo. Mbuga za baharini kama vile Malindi, Watamu na Kisite ziheshimiwe, na kila anayevua samaki wa mapambo awe na leseni.

Mkulima anajua kwamba shamba dogo halibebi ng'ombe ishirini hata wawe wazuri vipi. Anayeuza samaki wa mapambo aanze na hesabu iyo hiyo. Rangi huuza samaki mara moja tu. Samaki aliye hai ndiye anayemrudisha mteja dukani.