Kichocho Kanda ya Ziwa: Majibu yakisema huna, usishangilie haraka

Kupima kichocho cha tumbo, iwe Ukerewe au Sengerema, ni kazi ya kuhesabu. Kwa njia ya Kato-Katz, mtaalamu huchukua kinyesi miligramu 41.7 tu, huhesabu mayai kwenye hadubini, kisha huzidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Kuanzia 400, maambukizi ni makali.

Shida ni mayai yakiwa machache: kipimo kidogo hivyo huyakosa kirahisi. Kipimo cha mkojo hunasa wengi zaidi.

WHO inataka wenye maambukizi makali wawe chini ya asilimia 1 ifikapo 2030. Sawa, lakini mwenye mayai machache naye akijisaidia ufukweni, konokono wanaambukizwa, na watoto wanaogelea hapohapo.