Mpira hauleti ugali?

Leo kijiwe kimehamia Bugarama, huku kwenye vumbi la dhahabu. Jioni nimewakuta mabinti wanacheza wavu, kamba imefungwa miti miwili. Mmoja ana mkono mzito, acha kabisa! Mama muuza maandazi akaninong'oneza: "Wangu huyo. Baba yake hataki, anasema mpira hauleti ugali."

Nikamkumbuka Janet Wanja wa Kenya. Yeye alikuwa seta, yaani yule anayemnyanyulia mwenzake mpira apige smashi. Makofi yote kwa mpigaji, seta kimya. Lakini ugali ulipatikana, bwana! Alichezea Kenya Pipeline, timu ya shirika la bomba la mafuta. Wenzake wengine walikuwa Magereza, wengine benki ya KCB. Mwaka 2004 alikuwa Athens kwenye Olimpiki. Miaka 20 baadaye timu ya taifa, Malkia Strikers, ikaenda naye Paris, safari hii akiwa kocha wa viungo. Kucheza kuliisha, kazi ikabaki. Desemba 2024 saratani ikamchukua, ana miaka 40 tu. Inauma.

Hapa Bongo ni pagumu zaidi, siwafichi. Timu zenye ajira ni za kuhesabu, nyingi za majeshi.

Nikamuuliza mama, mzee mwenyewe anafanya kazi gani?

"Yuko duarani. Mwaka wa saba huu anafukuzia dhahabu."

Nikanunua maandazi mawili, nikanyamaza.