Punda Naye Apigwe Picha

Tazameni kalenda za madukani: ni ndovu, simba na twiga tu! Ahmed, ndovu wa Marsabit, alivuma kwa picha za pembe zake ndefu. Mwaka wa 1970 Rais Kenyatta aliamuru alindwe, naye akafa kifo chake mwenyewe mwaka wa 1974.

Je, punda wetu? Hapa Kitui na Makueni, mito ya mchanga kama Tiva na Thwake ikikauka, ni yeye abebaye mitungi minne ya lita 20 hadi nyumbani. Malipo yake ni kiboko. Machinjio yalipofunguliwa nchini ili ngozi ziuzwe China, punda waliibwa usiku, hata serikali ikatangaza marufuku mwaka wa 2020. Ni nani aliyekuwa na picha ya punda wake amwonyeshe polisi?

Ati shukrani ya punda ni mateke! Jamani, hapa anayepiga mateke ni nani? Napendekeza jarida lijalo litenge ukurasa wa punda, kila mmoja na uso wake na jina lake. Ndovu twamtazama kwa mbali. Punda twaishi naye.